Mto Uliotolewa Msibani

Kwanza niseme wazi: baba mdogo Mavura hakuwa amelewa. Wapo wanaosema alilewa, na wapo wanaosema alihongwa, na hao nikiwapata nitawafungulia kesi mpaka wajukuu zao waichoke. Sisi ni Wapare, tunajua kufungua kesi. Alikuwa na akili zake zote, amevaa koti lake jeusi la misiba, amesimama ukingoni mwa kaburi la baba yangu. Na ndani ya kaburi alikuwa amelala Mchaga.

Ndiyo, amelala. Mhandisi mzima wa Mamlaka ya Mabonde, Ndewirwa Kileo, niliyesoma naye na kufanya naye kazi miaka yote hii, amejinyoosha chali kwenye udongo mbichi, mikono kifuani, eti hazikwi mtu hapa.

"Toka, mtani, jua linatuchoma," baba mdogo akamwambia.

"Sitoki. Nyie Wapare mna uchoyo wa kuzaliwa nao. Mnataka kumzika mzee hivi hivi, bila kunipa kitu?"

"Tukupe nini? Jogoo?"

"Jogoo wenu amekonda kama mwenyekiti wenu. Nataka Ruvu."

Watu wakaangua kicheko. Mama yangu, ambaye tangu baba akate roho alikuwa hajatamka neno, alicheka hadi kilemba kikamdondoka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na Kileo aliijua kazi yake. Alikuja kumfuta mama yangu machozi, akayafuta.

"Ruvu wote?" baba mdogo akauliza, amekaza uso.

"Wote. Na vyura."

"Haya, chukua!" Akainua fimbo yake juu. "Mimi Mavura, mwenyekiti wa Mbuko, mbele ya wananchi wangu na mbele ya kaka yangu huyu aliyelala jenezani, nakupa mto. Chukua na vyura, chukua na mamba. Upeleke unakotaka. Sasa toka humo."

"Nimepokea," Kileo akasema, akanyoosha mkono avutwe.

Akavutwa, akapigwa kwa kanga na akina mama, baba akazikwa. Hakuna aliyesema kwamba yale yalikuwa masihara. Kwetu mtani hanyimwi kitu, na anayejieleza kuwa anatania ameshauharibu utani wenyewe. Kwa hiyo tulinyamaza, tukala, tukaondoka kila mtu kwake.

Juu ya nguzo, pembeni ya uwanja, Sikio, kile kinasa sauti cha Mamlaka, lilikuwa limesikia yote.

*

Mama ndiye aliyeona kwanza. Siku ya pili baada ya mazishi alishuka mtoni asubuhi na ndoo, akarudi nayo ikiwa na maji ya matope nusu.

"Naghenjwa," akaniita, "hebu njoo uangalie. Mto umefanya nini?"

Nikashuka. Ruvu ulikuwa umejivuta katikati ya mkondo wake, umeacha kingo mbili pana za tope zinazonuka shombo. Kambare walikuwa wanarukaruka kwenye madimbwi, na watu walishaanza kuwaokota kwa furaha, wapumbavu. Mimi ni msemaji wa Ruvu. Kila mto uliobaki katika nchi hizi una mtu wa kuusemea mbele ya Mizani, mashine inayogawa maji, na wa Ruvu ni mimi. Nilijua mto hauwezi kushuka vile bila ardhi kunyanyuka mahali.

Nikawasha redio ya kazini. "Mizani, nani ameinua ardhi juu ya Mbuko?"

Mizani ina sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, safi, haina haraka. Ndiyo inayoamua Kagera utiririke wapi, Malagarasi ulishe kinamasi kipi, Bahi pawe ziwa au pawe vumbi, na Rufiji ubakiziwe kiasi gani kabla ya kufika baharini. Tangu barafu ya Kilimanjaro iishe na vuli isahau njia, hakuna mto unaojiendea wenyewe kutoka huku hadi maziwa makuu.

"Mtambo wa kiinuo cha magharibi umeanza kazi baada ya ridhaa ya Mbuko," ikanijibu. "Ruvu unaelekezwa mbuga za Simanjiro. Ridhaa imetamkwa na mwenyekiti, mbele ya wanakijiji, na kupokelewa na mhandisi wa kiinuo."

"Ridhaa gani?"

Ikanichezea sauti ya baba mdogo. Chukua na vyura, chukua na mamba.

"Lakini husikii watu wanacheka?"

"Sheria ya Ridhaa inasema kicheko na kilio visihesabiwe. Wengi hutoa mito yao wakilia."

Hapo nikakaa chini, kwenye tope lile lile. Maana sheria hiyo tuliipigania sisi wenyewe. Tulichoka kuletewa karatasi na vijana wa mjini, wazee wanatia dole gumba kwenye kitu wasichokisoma. Tukasema hapana, mtu wa huku akitamka neno mbele ya watu limetosha, neno ndilo sahihi yetu. Tukashangilia wakati nguzo za Masikio zinasimikwa. Baba yangu alichinja mbuzi siku hiyo.

"Inabatilishwa vipi?"

"Msemaji wa mto na mpokeaji watamke pamoja kwamba ridhaa haikuwa ya kweli, wakiwa kwenye kiinuo, kabla uji ulio chini ya ardhi haujaganda. Wakitofautiana, neno la kwanza linabaki. Uji utaganda leo alasiri."

Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu, na fimbo yake. Sijui alifika saa ngapi.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikuwa namwambia Mchaga."

"Najua, baba."

"Kila mtu alijua!"

"Najua, baba. Naenda sasa hivi."

Na hapa mtu wa mbali anaweza kusema, si mhame tu? Jamani, tulishahama. Sisi asili yetu ni milimani, kule juu kwenye ndiva za mababu, yale mabwawa waliyoyajenga kwa mikono wakigawana maji kwa zamu, kila ukoo na asubuhi yake. Chemchemi zilipokufa, ndiva zikabaki mashimo yenye nyasi, tukashuka na kuku wetu hadi huku bondeni, kwenye Ruvu. Nyuma ya Ruvu hakuna kitu. Ipo kambi ya bandarini, watu wamepangwa kwenye makontena juu kwa juu, na mama yangu ana miguu mibovu.

*

Kileo alikuja kunichukua kwa gari la Mamlaka. Alipoona uso wangu, utani ukamwishia mdomoni.

"Mtani, nimesikia. Naapa sikujua kama Sikio la Mbuko linafanya kazi."

"Endesha."

Tukavuka mto kwa matairi, pale ambapo wiki iliyopita palihitaji kivuko, tukaingia mbuga za magharibi. Vumbi, migunga iliyokauka, tena vumbi. Kisha nikamwambia, "Ukifika unasema ilikuwa utani, mimi nasema ilikuwa utani, uji unakamuliwa, tunarudi. Mama anapika."

"Wewe ndiye mfiwa," akasema. "Utakalolisema wewe, na mimi hilo hilo."

"Unaapa?"

"Naapa."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Mtu amelala kwenye kaburi la baba yako ili mama yako acheke.

Kiinuo cha magharibi ukikiona hutadhani ni kitu cha kutisha. Ni safu ya mabomba yaliyozama ardhini, na pampu zinazonguruma, na kibanda cha bati. Kazi yote iko chini. Bonde la Ufa limejaa nyufa, ardhi yetu yenyewe imekuwa ikijipasua tangu enzi na enzi, na wenye akili waliona kuwa badala ya kupambana nayo waitumie. Wanasukuma ndani ya nyufa tope zito ambalo sisi tunaliita uji. Uji ukikaa unaumuka kama unga wa mandazi, mwamba unapanda, na nyasi zilizo juu yake hazina habari. Mto hauhitaji mlima mbele yake ili ugeuke. Kimo cha mtu mmoja kinatosha. Uji ukiwa mbichi unaweza kuukamua, ardhi ikashuka. Ukiganda ni jiwe, na litakuwa jiwe hata sisi tukishasahaulika.

Kileo hakwenda kibandani. Alisimamisha gari juu ya kituta kipya, ardhi imechanika kwa pembeni, mizizi inaning'inia.

"Shuka kidogo," akasema.

"Hatuna muda."

"Shuka, Naghenjwa."

Hakuwa amewahi kuniita kwa jina langu. Nikashuka.

Chini yetu, upande wa machweo, Ruvu ulikuwa umeshafika. Ulikuwa unatambaa kwenye mbuga, mwembamba, mwekundu kwa udongo, unatafuta njia kwenye mabonde madogo yaliyosahau maji. Na watu walikuwa wanaufuata. Niliona mistari ya watu kutoka kila upande, shuka nyekundu na za bluu zilizopauka, ng'ombe ambao unaweza kuhesabu mbavu zao kutoka kule juu, punda, akina mama wenye watoto mgongoni. Wengine walikuwa wamelala kifudifudi wanakunywa pamoja na ng'ombe. Mzee mmoja alikuwa ameketi katikati ya maji na nguo zake, amekaa tu, maji yanampita.

"Visima vyao vyote vimekufa," Kileo akasema. "Mizani iliomba mto huu kwa ajili yao zamani. Ilikosa ridhaa tu."

"Ndiyo maana umenileta hapa?"

"Nimekuleta uone. Nisingeweza kusimama na wewe pale ndani bila wewe kuona."

"Kwa nini usigawanywe?"

"Ni mwembamba, mtani. Ukiugawa, nusu zote mbili zitanyauka njiani. Hamtapata nyie, hawatapata wao."

Nilijua hivyo. Ni mimi msemaji wake, naujua kuliko yeye. Niliuliza tu kwa sababu mtu anayezama hushika hata nyasi.

"Nani aliwauliza nyie kwenu," nikamwambia, "mifereji ya Wachaga ilipokauka? Mliwapa nani?"

"Hakuna aliyetuuliza. Nyumba ya babu yangu kule Uru ni ya popo sasa." Akageuza uso. "Sisemi kitu. Nimesema utakalolisema wewe."

Nilikasirika. Nilikasirika naye, na wale watu chini, kwa nini wasiwe na sura mbaya, kwa nini wasiwe wezi. Nikakasirika na baba kwa kufa wiki hii na si nyingine. Jua lilikuwa limeshaegemea magharibi.

"Twende ndani," nikasema.

*

Kibandani palikuwa na joto la kuokea mkate. Kuna kinasa sauti ukutani, kidogo, na taa ya kijani. Kileo alisimama kushoto, mimi kulia, kama maharusi mbele ya mchungaji. Nilitaka kucheka, Mungu anisamehe.

"Msemaji wa Ruvu," Mizani ikasema. "Je, ridhaa ya mwenyekiti Mavura ilikuwa ya kweli?"

Njia nzima nilidhani nitasita. Nilidhani sauti itanikauka, nitamwona yule mzee aliyeketi majini, nitalia. Sikusita hata kidogo. Nilimwona mama akipanda ngazi za makontena kwa miguu yake ile, anapumzika kila hatua, na nikasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai:

"Haikuwa ya kweli. Ilikuwa utani."

"Fafanua."

"Ni maneno ya msibani. Kwetu Mchaga akija kwenye msiba wa Mpare anaomba chochote na anapewa chochote. Hayana nguvu. Ardhi ishushwe, mto urudishwe ulikokuwa."

"Unafahamu kuwa mto tayari unanywewa magharibi?"

"Nafahamu. Nimewaona."

"Na bado unasema urudishwe?"

"Urudishwe."

Basi. Hivyo ndivyo mtu anavyofanya jambo kama lile. Niliwaua wale watu na ng'ombe wao na watoto wao mgongoni, na mapigo ya moyo wangu hayakubadilika. Hilo nimelijua mwenyewe, na nimeishi nalo tangu siku hiyo.

"Mpokeaji," Mizani ikasema. "Ulipopokea, ulipokea kwa kweli?"

Kileo akaangalia taa ya kijani. Pampu zilikuwa zinanguruma nje. Nikamtazama, nikamkonyeza aharakishe.

"Mpokeaji?"

"Nilipokea kwa kweli," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kileo!"

"Niliutaka mto, nikauomba, nikapewa. Nilipokea kwa kweli."

"Muongo! Mizani, anasema uongo, ameniapia njiani, muulize! Kileo, mwambie!"

"Msemaji na mpokeaji wametofautiana," Mizani ikasema. "Neno la kwanza linabaki. Ridhaa ya Mbuko imethibitishwa. Ahsanteni kwa kufika."

Taa ikazimika. Nikamrukia. Nilimpiga makofi, nikampiga ngumi ya kifua, nikamvuta kola mpaka vifungo vikamtoka, na yeye alisimama tu, mikono chini, anapokea.

"Uliapa!"

"Niliapa."

"Umekula kwetu! Umelala kwenye kaburi la baba yangu!"

"Ndiyo." Alikuwa analia, mbwa yule. "Nilijua utakataa kuwaacha wafe, Naghenjwa. Nilikuwa na hakika. Nilikuonyesha ili useme wewe mwenyewe, ili uwe umewapa, isiwe wizi. Halafu ukasema urudishwe bila hata kupepesa. Ningefanya nini?"

"Ungenifuata!"

"Nisingeweza."

Nikainua mkono tena, nikaushusha. Mtani hakasirikiwi. Hayo nimeyanyonya kwenye ziwa la mama. Mtani akichukua, amechukua, unacheka, unamkaribisha tena kesho. Nilikuwa namchukia mtu ambaye sina ruhusa ya kumchukia, na siku ile nilijua kwamba hakuna Mpare atakayemtania Mchaga tena bondeni kwetu, na hakuna Mchaga atakayekuja kutuzika. Tumeshaogopa maneno yetu wenyewe.

Chini ya miguu, sakafu ilitetemeka kidogo, ikatulia. Uji ulikuwa umeganda.

*

Tulipotoka tuliwakuta nje. Walikuwa wamepanda kituta kuja kuona mashine iliyowaletea maji. Mbele alikuwa mama mmoja wa makamo, shanga zimemjaa shingoni, kibuyu begani. Baadaye niliambiwa anaitwa Nemayian. Kiswahili chake kilikuwa cha kujitahidi.

"Tumesikia maji imetoka kwa watu wa mlima," akasema. "Wamekubali wenyewe. Ni kweli?"

Kileo alinitazama, akainamisha kichwa. Afadhali angejibu yeye.

"Ni kweli," nikajibu.

"Nani hapa ni mtu yao?"

"Mimi."

Akanisogelea. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, mikono yenye baridi ya maji ya Ruvu, akanitemea mate kidogo kwenye paji la uso, ndivyo wanavyobariki. Wenzake nyuma wakaitikia kitu kwa lugha yao, kwa pamoja, kwa sauti nene.

"Watu mingine iko na maji, inaficha," akasema. "Nyinyi mmetoa. Mungu aone nyinyi." Akafungua kibuyu. "Kunywa. Ng'ombe moja tu iko na maziwa, lakini kunywa."

Ningekataa vipi? Nikapokea kwa mikono miwili. Yalikuwa machache, yana harufu ya moshi. Nilikunywa, nikameza bila kumwaga hata tone, kwa sababu watoto wake walikuwa wanayaangalia yale maziwa kwa macho ya njaa na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Nikamrudishia kibuyu. Akasema asante. Yeye akasema asante! Nikamwambia karibu.

Simu ikaita mfukoni. Alikuwa mama. Nikasogea pembeni, kwenye mpasuko wa ardhi, nikapokea.

"Vipi, mwanangu, mmemaliza? Baba yako mdogo hataki kula hadi usikike. Huku tumetoa kambare ndoo mbili, nimekutengea wewe na huyo mtani wako. Mnarudi saa ngapi?"

"Mama," nikasema, "anza kufungasha vyombo. Mto haurudi."

Mama yangu akaanza kucheka, kile kicheko chake kikubwa, kilichokuwa kimepotea na kikarudi juzi kaburini.

"Acha utani wewe," akasema. "Huyo Mchaga amekuambukiza. Shemeji Mavura, njoo umsikie Naghenjwa anavyosema!"

Nilimsubiri amalize kucheka.